Shahidi wa Bi Mwanahawa

Kiwanda cha nguo kilipofungwa, serikali ilitenga msaada kwa wafanyakazi walioponzwa na vitambaa vya nje. Muhuri alikuwa nao Bwana Mtweve, afisa wa kugawa msaada huo, na hakuwa na haraka ya kuugonga.

"Mama, nani kasema vitambaa vya nje ndivyo vilivyokufukuza? Niletee shahidi, tena mtumishi wa serikali, kabla ya saa sita."

Bi Mwanahawa, aliyefuma miaka ishirini, hakubisha. Alipapasa mgongo wa koti la suti ya Bwana Mtweve.

"Kumbe! Kitambaa hiki nilikifuma mimi. Uzi uliruka hapa, kikauzwa kwa bei ya kutupa."

Foleni nzima ikacheka chini kwa chini. Bwana Mtweve akavimba.

"Suti hii imetoka ng'ambo. Na shati, na tai, hata mapazia yale. Ofisini humu hakuna anayegusa vitambaa vyenu siku hizi."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Bi Mwanahawa akamsogezea fomu na kalamu.

"Basi weka sahihi hapo penye shahidi, mwanangu. Hawa wote wamekusikia, na saa sita bado."