Beki Asiyeumwa

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mficha maradhi, kilio humfichua. Mtu anaweza kuusitiri ugonjwa wake kwa tabasamu, akawadanganya hata waganga, lakini siku ya msiba siri hiyo hutoka yenyewe, tena mbele ya kadamnasi. Methali hii ilitimia mjini Raahe, pwani ya kaskazini-magharibi ya Ufini, katika nyumba ya Taisto Haapasalo.

Taisto alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, mtu ambaye maneno yake yalikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Yeye na mkewe Sirkka, mpishi wa shule, walijaliwa watoto wawili: Hilla, aliyekuwa akisomea uuguzi, na Veikka, kitindamimba, kijana wa miaka ishirini mwenye mabega mapana kama mlango wa ghala. Veikka alikuwa beki wa hoki ya barafu. Majira hayo ya baridi ndiyo yaliyokuwa ya kwanza kwake kuajiriwa katika timu ya mji, iliyoitwa Hukka.

Kazi ya beki haina sifa nyingi. Washambuliaji hufunga mabao wakaimbwa. Beki huutanguliza mwili wake mbele ya kisahani kigumu kinachochezwa badala ya mpira, nacho huruka kama risasi, na huwabana wapinzani kwenye uzio mpaka mbao zikalia. Veikka aliipenda kazi hiyo kufa kupona. Alicheza ubavuni mwa Jalmari Rintala, beki mkongwe aliyebakiwa na meno machache, ambaye alimtunza kama mdogo wake wa tumbo moja. Punde habari zikazagaa kwamba wajumbe wa timu kubwa ya Amerika wangekuja kumtazama kijana huyo kabla ya Krismasi. Raahe nzima ikawa haina mazungumzo mengine.

Mwezi wa Novemba, katika mchezo wa ugenini, Veikka alikuwa amekifuata kisahani kwenye kona pale mshambuliaji mmoja alipomvaa kwa nyuma. Kichwa chake kiligonga kioo cha uzio kwa kishindo. Alianguka, akainuka, kisha akaanza kuteleza kuelekea benchi la wapinzani. Jalmari alimdaka kiwiko.

"Dogo, unahamia kwao? Wamekuahidi nini?"

Wenzao wakaangua kicheko. Veikka naye akacheka, ingawa macho yake yalikuwa kama ya mtu aliyeamshwa ghafla katika nyumba asiyoijua.

Daktari wa timu, mama mmoja aitwaye Ylönen, alimwita pembeni.

"Kichwa kinauma?"

"Hapana, daktari."

"Kizunguzungu je?"

"Hicho nakipata nikimwona Jalmari akitabasamu."

Daktari hakucheka. Kesho yake alimpa mtihani wa kumbukumbu, ule ambao kila mchezaji huufanya kabla ya msimu kuanza ili majibu yalinganishwe siku akiumia. Majibu ya Veikka yakalingana na yale ya mwanzo kama shilingi kwa ya pili. Daktari alikunja uso, lakini hakuwa na la kumshikia. Akamruhusu kucheza.

Tangu siku hiyo Veikka akaishi maisha mawili. Barafuni alikuwa simba. Akiwa peke yake alikuwa mahututi. Mwanga wa taa ulimchoma machoni kama sindano. Jumapili moja, mama yao akiwa kanisani, Hilla alimkuta bafuni amejikunja sakafuni, ametapika, amejifunika taulo usoni.

"Veikka, inuka twende hospitali. Sasa hivi!"

"Ni tumbo tu, dada. Wale samaki wa jana."

"Samaki gani? Si nimekula hao hao? Mdogo wangu, kichwa si goti. Goti likiharibika utachechemea. Kichwa je?"

Veikka alimshika mkono. "Nikilazwa leo, kesho nafasi yangu ina mtu. Wamarekani wakija watamkuta yeye. Hebu nivumilie mpaka Krismasi, kisha nitapumzika mpaka unichoke. Ila mama asijue, tafadhali."

Hilla alilia, kisha akanyamaza. Huruma ilimfunga mdomo.

Mama aliporudi, alimtazama mwanawe kwa muda. "Mbona umesawijika hivi?"

"Mazoezi, mama. Kocha wetu hana utu." Akambusu shavuni, akaenda kulala.

Siku iliyongojwa kwa hamu ikafika. Uwanja ulifurika, na wajumbe wa Amerika walikaa juu wakiwa na makoti yao marefu. Veikka alicheza kama aliyezaliwa na viatu vya barafu miguuni. Ndipo, katika kipindi cha pili, bega la mpinzani likamgusa shavuni. Halikuwa pigo. Mwamuzi hakupuliza hata filimbi. Veikka aliteleza mwenyewe mpaka kwenye benchi, akaketi, akasema polepole, "Jalmari, waambie wapunguze taa." Kisha akamwegemea begani, akawa mzito kama gunia la maji.

Alifariki kesho yake katika hospitali ya Oulu, bila kufumbua macho tena. Waganga walieleza kwamba ubongo ulikuwa na jeraha bichi, na mguso ule mdogo uliufanya uvimbe ghafla.

Baada ya maziko, waombolezaji walikusanyika katika ukumbi wa kanisa kunywa kahawa. Mmoja baada ya mwingine alisogea mbele, akaweka maua kando ya picha ya marehemu na kusema machache. Ilipofika zamu ya Daktari Ylönen, aliigeukia picha ile.

"Nilimpima, akafaulu. Kila siku najiuliza nilikosea wapi."

Jalmari alisimama kabla hajaitwa. "Hukukosea, daktari. Kabla ya msimu nilimwambia aufanye mtihani wako vibaya makusudi, ili siku akiumia majibu yafanane. Na mimi nilifundishwa hivyo hivyo na walionitangulia."

Hilla akainuka, machozi yakimtiririka, akaeleza aliyoyaona bafuni. Watu walidhani yamekwisha. Lakini Taisto, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu msiba ulipoanza, alikishika kiti kilichokuwa mbele yake.

"Wiki ile alipogonga kioo, tulikuwa saunani tukioga mvuke," alisema. "Aliniita kwa jina la marehemu babu yake. Nikamsahihisha, akaniita tena vile vile. Nikajua kuna jambo. Nikamwambia ajikaze, Wamarekani wakishaondoka tutaona."

Sirkka alimgeukia mumewe, kisha binti yake, kisha Jalmari.

"Kwa hiyo nyote mlijua?" aliuliza taratibu. "Nyote, isipokuwa mimi niliyemzaa?"

Taisto alinyoosha mkono ili amshike. Mkewe akausogeza kando, akachukua koti lake na kutoka peke yake kwenye theluji, akirudi kaburini kwa mwanawe. Waliobaki waliinamisha vichwa juu ya vikombe vya kahawa iliyopoa.

Ama kweli, mficha maradhi, kilio humfichua.