Farasi Mweupe wa Akulina

Hapo zamani, huko Yakutia, sehemu ya Urusi ambayo udongo wake umeganda na kiangazi huulainisha juujuu tu, aliishi mwalimu wa jiografia aitwaye Prokopi, na mkewe Akulina, mfugaji wa farasi. Kijiji chao kilikuwa ukingo wa mashariki wa mto Lena, hospitali ukingo wa magharibi. Kati yake maji ya kilomita nane, bila daraja. Kiangazi watu huvuka kwa kivuko, majira ya baridi huvuka kwa malori juu ya barafu. Baina ya misimu hiyo zipo wiki za barafu nyembamba ambazo havuki mtu.

Katika wiki hizo Akulina akafia hospitalini. Aliacha neno, naye Prokopi akaliandika kama lilivyotamkwa: "Farasi wangu mweupe apewe atakayenifikisha nyumbani. Usiniache ng'ambo."

Desturi yao ni kuzika siku ya tatu. Prokopi akapeleka habari kijijini kwa redio, kisha akatafuta wa kumvusha.

Akampata Innokenti, mvuvi anayetega nyavu chini ya barafu. Akampata Varvara, ambaye mababu zake walihamishiwa mtoni na mfalme ili wabebe barua; yeye alikuwa na farasi na sleji, gari lisilo na magurudumu la kuteleza juu ya barafu. Innokenti alisema barafu itamhimili mtu, lakini kwa farasi haapi. Varvara akamwambia kwamba kwa jinsi alivyo mwembamba, barafu haitajua hata kama amepita.

Wakaondoka, mwili wa Akulina ukiwa juu ya sleji. Innokenti alitangulia, akigonga kwa fimbo ya chuma na kusikiliza. Katikati ya mto mguu wake ulizama. Akautoa, akaendelea kugonga. Karibu na ukingo barafu ikapasuka chini ya farasi. Varvara akakata kamba, farasi wake akaenda na maji, sleji ikabaki. Akajifunga ukanda mmoja wa sleji kifuani, Prokopi akajifunga wa pili, wakaivuta hadi nchi kavu.

Kijijini, mwanakijiji mmoja, Gavril, alikuwa ameanza kuchimba kaburi tangu aliposikia redio. Zamani alichimba dhahabu, na machimboni ardhi hulainishwa kwa moto. Aliwasha, akachota tope, akawasha tena, siku mbili mfululizo. Kuni zikamwishia. Akachoma magogo aliyoyakausha miaka mitatu kwa nyumba ya mwanawe. Siku ya tatu kaburi likawa tayari.

Siku ya tisa, kwa desturi, walikutana nyumbani kwa Prokopi kunywa chai ya kumkumbuka marehemu. Asubuhi hiyo Prokopi alikuwa amekwenda kumkamata yule farasi mweupe, aliyekuwa akifukua majani chini ya theluji. Farasi hakumkaribia. Prokopi akarudi ndani, akavaa koti la mkewe, akatoka tena. Farasi akaja.

Sasa farasi alikuwa amefungwa nje ya dirisha, na hatamu ilikuwa mezani.

Innokenti akasema, "Mwalimu, bila fimbo yangu mngekuwa chini pamoja na samaki. Nimepoteza vidole viwili vya mguu kwa baridi."

"Vidole viwili, na bado umefika kwenye chai kabla yetu," akasema Varvara. "Wewe ulionyesha njia. Njia haibebi mtu. Akulina alibebwa na farasi wangu, na farasi wangu alipokwisha, alibebwa na kifua changu."

Gavril akasema, "Ninyi mlimfikisha kijijini, Varvara. Bila kaburi angelala ghalani hadi masika. Nyumbani kwake ni pale alipo sasa, na mlango niliufungua mimi."

Kisha Varvara akamgeukia Prokopi. "Na wewe, mwalimu? Ukanda wa pili ulikuwa kifuani mwako. Hudai?"

Nje, farasi alikuwa amegeuza kichwa kuelekea mlangoni, palipotundikwa koti la Akulina. Prokopi aliisoma tena karatasi yake, ingawa aliijua kwa moyo, kisha akaichukua hatamu.

Ninyi mliosikiliza, mliokaa penye joto: farasi alikuwa mmoja, na neno la marehemu halivunjwi. Je, ni nani aliyestahili kuwekewa hatamu ile mkononi?