Zamu ya Maji ya Nambua

Sogeeni karibu, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza, maana kisa hiki kimewashinda watu wenye mvi.

Huko milimani Upareni aliishi mjane mmoja, Nambua, mkulima wa tangawizi. Watu wake wa karibu walikuwa watatu. Mwanawe Kiondo alijaliwa miguu: akiteremka tambarare asubuhi, jioni yuko nyumbani. Binti yake Nanzia alijaliwa masikio: mweleze jambo lile lile mara tisa, la tisa atalisikiliza sawa na la kwanza. Jirani yao Senkondo alijaliwa mdomo, na kijiji kizima kilimwombea aupoteze.

Kijiji hicho kina ndiva, bwawa la kukusanyia maji ya mlima, na kila shamba lina zamu yake ya kufunguliwa. Mwaka mmoja wa maji haba, Nambua alianza kugawa zamu zake. "Chukueni tu," alisema, bila hata kutoka ndani. Watu wakachukua, wakamsifu kanisani kwa ukarimu. Hakuna aliyeuliza kwa nini mkulima anaiacha tangawizi yake ikauke, wala kwa nini mlango wake unafunguliwa saa sita mchana. Mpaka leo Nambua akizikumbuka sifa zile, moyo unamuuma.

Zamu ilipofika kwa Senkondo, alikataa. "Shemeji, maji yako siyataki! Mtu mwenye akili zake hagawi maji kiangazi. Wewe unaumwa!" Akawafuata Kiondo na Nanzia makwao, akawafokea mbele za watu: "Mama yenu anazama, nyie mnapokea pongezi!" Mara tatu alipewa maji yale, mara tatu akayakataa, na tangawizi yake mwenyewe ikafia ardhini.

Kiondo alimpeleka mama hospitali. Daktari akasema, "Huu si uvivu, wala si laana. Ni ugonjwa unaoitwa sonona, na unatibika, kwa dawa na kwa mazungumzo." Kiondo alikuwa na mtamba aliyemfuga kwa ajili ya mahari. Akamuuza, na kila mwezi akateremka tambarare kufuata vidonge. Mchumba wake alisubiri, akachoka, akaolewa kwingine.

Lakini Nambua alikuwa akivificha vidonge vile chini ya godoro. Aliona ni hasara kumpa dawa mtu asiye na faida kama yeye. Mwezi ule ule wa kwanza Nanzia akaanza kumpeleka zahanati kila Alhamisi, kwa muuguzi aliyefundishwa kuzungumza na wagonjwa wa namna hiyo. Njiani kwenda na kurudi, Nanzia alisikiliza. Alhamisi ya nne mama akaungama habari za godoro, akaanza kumeza dawa. Wiki zikapita, usingizi ukarudi, na maneno ya muuguzi, ambayo mwanzoni yalikuwa yakimpita tu, yakaanza kumwingia. Sasa Alhamisi ndiyo siku ya gulio, soko la kila wiki, na Nanzia aliishi kwa kuuza huko. Nanzia alipomaliza Alhamisi zake ishirini, alimkuta mwingine amekaa mahali pake sokoni, na wateja wake wote wanamwita huyo kwa jina.

Nambua akapona. Siku alipotoka nje na kumgombeza Senkondo kwa makelele yake, wote walijua amepona kweli.

Miaka ikapita, magoti ya Nambua yakachoka. Kwa desturi ya ndiva, asiyeweza tena kushika jembe mferejini humtaja mtu mmoja wa kurithi zamu yake. Mmoja tu. Zamu haigawanywi, kwa sababu maji yakiwa nusu, mfereji huyanywa yote kabla hayajafika shambani.

"Bila dawa zangu, mama, hata kitandani usingetoka," alisema Kiondo. "Nanzia hakulipa kitu kule zahanati. Mimi nilitoa mtamba, nikakosa mke."

"Dawa zako zililala chini ya godoro mwezi mzima," alijibu Nanzia. "Nani alizitoa? Mimi nilitoa Alhamisi ishirini, nikakosa riziki."

Senkondo akacheka bila furaha. "Bila kelele zangu, wanangu, mngenunua sanda. Nayo ina bei yake."

Tangu siku ile Kiondo na Nanzia hawasalimiani. Nambua anajuta. Hajuti kupona, hapana. Anajuta kwamba alipokuwa mgonjwa hakuona kinachotoka mikononi mwa watu hawa, na alipopona hakuuliza. Alikula chakula chao, akavaa kanga walizomletea, akadhani uzima wake umewatosha.

Asubuhi ya kufungua maji ikafika. Kiondo alisimama upande huu wa mfereji, Nanzia upande ule, na Senkondo chini kidogo, jembe begani. Mlinzi wa ndiva akaita kutoka juu: "Mama Kiondo! Jina!"

Nambua alijua desturi. Asipotaja jina, maji yatapita kwenda kwa wengine, kama yalivyopita mwaka ule alipokuwa amelala ndani. Safari hii yuko mzima, amesimama kwa miguu yake, na anawaona wote watatu.

"Jina, mama! Maji hayasubiri!"

Haya, wasikilizaji wangu. Ungekuwa wewe ndiye Nambua, ungemtaja nani? Na wale wawili waliobaki, ungewatazama vipi usoni?