Nani Alimpa Pumzi Mtoto wa Milembe

Hapo zamani, na wala si zamani ile ya fisi kuoa, zamani ya juzijuzi tu, alikuwepo mwanamke wa Usukumani aitwaye Milembe. Mimba yake haijatimia, uchungu ukaanza. Akakimbizwa hospitali.

Nesi Mbuke akamwambia, "Kuna sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto kabla hajatoka."

Mama mkwe akadakia, "Mimba ya mwanangu haidungwi sindano!" Akamtukana mkaza mwana mbele za watu, kisha akaondoka zake kwa hasira.

Milembe akakunja mkono wa gauni. "Mimba ya mwanao imo tumboni mwangu. Nesi, dunga!"

Akadungwa. Kesho yake akazaa mtoto wa kike, mdogo mno, anakoroma, na kila akivuta pumzi mbavu zinabonyea ndani.

Sasa nisikilizeni, na wewe unayecheka hapo nyuma, koma! Ndani ya pafu mna vifuko vidogo vya hewa, vingi mno. Kuta zake zina unyevu, na maji hupenda kuvutana. Yakivutana, kifuko kinanywea, kuta zinagandana, kama mfuko wa nailoni ulioloa. Umewahi kuufungua? Ulitoka jasho! Pafu lililokomaa hujitengenezea utelezi wa kulegeza mvuto huo, vifuko vikabaki wazi hata mtu akitoa pumzi. Mtoto njiti utelezi wake haujatosha. Kwake kila pumzi ni kuanza upya, mpaka achoke. Akichoka, basi tena.

Daktari akatazama, akatikisa kichwa. "Mwache, Mbuke. Huyu hafiki popote."

Mbuke akasema, "Mimi simwachi. Kama unataka kuondoka, mlango ule pale."

Akamfunika mtoto pua na mdomo kwa barakoa, akawa anakamua mpira wa hewa kwa mkono, polepole, bila kuuachia kabisa, ili hewa kidogo ibaki na vifuko visigandane. Vidole vikavimba. Akakamua.

Dawa ya utelezi ilikuwepo hospitali kubwa, ng'ambo ya mto, na mto umefurika. Wifi yake Milembe, Kwandu, akaifuata. Kwenda, daraja lilikuwa bado linapitika; wakati wa kurudi maji yamelifunika, walinzi wa daraja wakamzuia. "Rudi, dada! Utakufa!"

"Rudini nyie!" Akajitwika kijisanduku cha barafu chenye dawa, akaingia majini, maji kifuani. Akavuka.

Daktari yuleyule akaimimina dawa mapafuni kwa mrija. Mbavu zikaacha kubonyea. Mtoto akalia, kilio cha kweli! Nawaambia, wodi nzima ililia naye.

Mtoto alipopata nguvu, mama mkwe akaja, kanga mpya, jina mkononi. "Kwa mila yetu, bibi mzaa baba ndiye anayetoa jina."

Kwandu akamkabili mama yake mzazi. "Mama, asiyekuwepo na lake halipo. Jina nalitoa mimi."

"Wewe?" Mbuke akaruka. "Ungeleta dawa ukakuta maiti! Mikono hii ndiyo iliyozuia vifuko visigandane. Jina ni langu."

"Ungekamua mpaka lini? Ukiachia tu, vinanywea! Utelezi wenyewe nimeuleta mimi."

Milembe akainuka kitandani. "Nyamazeni! Bila sindano yangu mngekuta pafu bichi kabisa, na mpira wenu na dawa yenu mngevitupa. Nilitukanwa peke yangu, nikasimama peke yangu. Jina ni langu."

Daktari akakohoa. Wote wakamgeukia. Akaufuata mlango.

Wamegoma mpaka leo. Hakuna anayerudi nyuma hata hatua moja, na mtoto ananyonya, anapumua, anaitwa "huyu".

Msiniambie Mungu. Najua ni Mungu, lakini yeye hakuja wodini kudai jina. Walidai hawa. Aliyeandaa pafu, aliyelizuia lisijifunge, au aliyeleta cha kuliacha wazi? Jibuni, msitazamane: nani alistahili kumpa mtoto jina?