Siwema na Ufagio wa Alfajiri

Paukwa!

Pakawa!

Nani kafagia?

Siwema.

Kabakisha nini?

Majuto.

Haya, sogeeni, na wewe acha kunivutia mkeka. Hapo kale palikuwa na mjane jina lake Siwema. Alikuwa na mtoto mmoja wa kike, Mashavu, na hakuwa na mwingine. Na kwa kufagia Siwema, msiniulize! Alfajiri jua halijatoka, yeye kashashika ufagio wa chelewa, anafagia uwanja mpaka mchanga unabaki na mistari kama nywele zilizochanwa. Jani likianguka, anaona aibu kama kaanguka yeye.

Sasa, pembeni mwa uwanja ule, kila vuli ikianza huota maua madogo ya buluu, maua ya porini. Watu waliyaita mvuamoja. Huishi mvua moja tu: huota, huchanua, hukauka, hupukutisha mbegu, basi. Wazee waliyaacha, maana zimwi la msitu wa jirani lilikula nao kiapo: nyumba yenye mvuamoja, halimli mtu wake. Siwema alikuwa akiyasikia hayo, akayaona porojo za vikongwe. Kwake yeye yale yalikuwa magugu. Siku moja akayang'oa yote, akafagia, uwanja ukatakata.

Jioni yake zimwi likaja, jicho moja, kucha kama majembe. Likauliza mvuamoja yako wapi. Basi likamkamata Mashavu, likamtia kwenye tenga mgongoni.

"Likichanua ua hata moja uwanjani mwako kabla vuli haijakatika, utampata," likasema. "Vuli ikikatika, namla."

Tangu hapo, kila jua likizama, zimwi lilipita nyuma ya nyumba na tenga lake, na humo ndani sauti ndogo ikiuliza:

"Mama, tayari?"

"Bado, mwanangu."

Siwema akakimbilia kwa jirani yake, Bi Kidawa, mwanamke wa ulimi mkali ambaye uwanja wake ulikuwa umejaa mvuamoja. Bi Kidawa akamsema kwanza, akamsema sana, kisha akamchimbulia mche mmoja na udongo wake. Siwema akaupanda, akakaa kitako kando yake kuulinda. Adhuhuri haijafika, ukanyauka, ukalala chini.

"Mama, tayari?"

"Bado, mwanangu."

Akarudi kwa Bi Kidawa analia. Akapewa mbegu za mwaka jana, zimehifadhiwa kwenye kibuyu, ndogo kama vumbi la ugoro. Nusu yake akaipanda. Akaweka samadi ya mbuzi, akaweka kivuli cha makuti, akamwagilia asubuhi, akamwagilia jioni. Miche ikaota, ikanenepa, ikawa majani matupu. Ua, hakuna. Na mvua nazo zilishaanza kupungua.

"Mama, tayari?"

Safari hii ile sauti ilikuwa imekauka. Siwema akaziba mdomo kwa kanga kabla ya kujibu.

"Bado, mwanangu."

Bi Kidawa alipoyaona yale majani akatikisa kichwa. Akamwambia mvuamoja ni mtoto wa porini, ukimdekeza anakula tu. Atupe mbegu zilizobaki kwenye mchanga mtupu, juani, azikanyage kidogo, kisha aache. Amesikia? Aache.

Siwema akafanya hivyo hivyo. Usiku kucha akalia, na alfajiri akaamka kichwa kizito, macho yamevimba. Mkono wenyewe ukaenda kwenye ufagio. Alipozinduka, uwanja ulikuwa na mistari yake mizuri, na yeye amesimama jaani, pakacha tupu mkononi, takataka zote keshazimwaga.

Ole wake Siwema! Alipiga magoti akachekecha mchanga kwa vidole mpaka vikachubuka. Mbegu kama vumbi, utaziona wapi? Siku ile akautupa ufagio chini ya kitanda na jaani hakukanyaga tena, maana hakuweza kupatazama. Jioni akalifuata zimwi, akaliomba limle yeye.

"Kiapo hakikuvunjwa na nyama yako," zimwi likasema. "Kimevunjwa na uwanja wako."

Likaenda zake. Mvua ikawa manyunyu, manyunyu yakawa umande, umande ukakauka. Siku ya mwisho mbingu ikawa nyeupe. Siwema akazoa majivu ya jikoni, hata hajui ya nini, akatoka nayo hadi jaani. Pale kwenye mchanga aliofagia siku ile, katikati ya maganda ya mihogo, palikuwa na ua moja la buluu.

Zimwi likafika limeshanoa meno.

"Mama, tayari?"

Siwema akaonyesha kwa kidole. Zimwi likainama, likaguna kwamba hapo ni jaani, si uwanjani.

"Taka ni za uwanja wangu," akasema Siwema, "mchanga ni wa uwanja wangu, na mkono uliozitupa ni wangu."

Zimwi likatua tenga. "Mwaka kesho nitapita tena kutazama," likasema, likaondoka.

Mashavu alitoka mifupa mitupu, lakini alitoka.

Basi, siku zikapita, Siwema akacheka tena, akapika tena. Lile ua likakauka, likawa kijiti cheusi kibaya, na wapita njia wakaanza kuuliza Siwema siku hizi ana nini, mbona anafuga uchafu. Alfajiri moja akautoa ufagio chini ya kitanda, akaenda nao jaani kwenye kile kijiti. Alikuwa keshaukunja mgongo aliposhikwa mkono, na vidole vilivyomshika vilikuwa bado vyembamba.

"Bado, mama," akasema Mashavu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye kutaka nyingine anipe kwanza mkeka wangu. Na nyinyi mnaoshika fagio mshike na hili: usafi ni mzuri, lakini si kila usichokitaka ni taka. Cha mvua moja kiache kipukutike, ama mwaka kesho utakililia.