Nadhiri kwa Joka la Hekalu Kongwe

Katika zama ambazo nchi ya Siam ilikuwa chini ya Sultani Intharat, mwenye enzi katika mji wa Suwanburi, aliishi mfuma hariri aitwaye Kesorn, na mchumba wake alikuwa Thawin, mchunga ndovu wa sultani. Na harusi ilipokaribia, Thawin akashikwa na baridi kali, na magamba ya kijani yakamwota kifuani, na kila kukicha yakapanda kuelekea kooni, na matabibu wa kasri wakashindwa.

Kesorn akamwinamia. "Niambie kweli. Umemkosea nani?"

Thawin akajibu kwa tabu, "Ndovu alinitupa mtoni, nikaweka nadhiri kwa jini wa hekalu kongwe la Buddha, kwamba akiniokoa nitamchezea ngoma mbele za watu. Akaniokoa, nami nikaona haya, nisicheze."

Kesorn akaenda hekaluni, akiingia kwa hadhari, maana mizizi ilikuwa imezikumbatia kuta, na masanamu mengi yalikuwa hayana vichwa. Mtawa mzee akamzuia mlangoni. "Binti yangu, jini wa humu ni joka la kike. Waliokuja kumhadaa hawakutoka."

"Sikuja kumhadaa, mtukufu. Nimekuja kutimiza ahadi."

Mtawa akampisha, na maji ya birika kubwa la uani mwa hekalu yakafunguka, na joka lenye taji likainua kichwa. "Aliyeniahidi ni mwanamume."

"Ee malkia wa maji, hawezi kusimama. Nipokee mimi kwa sasa, na akipona atakuja mwenyewe."

"Na asipokuja?"

Kesorn hakuwa na hakika na mchumba wake, na hofu hiyo ilimuuma kuliko hofu ya joka. Kisha akasema, "Asipokuja, sitaolewa naye, nawe umfanye upendavyo."

Akacheza, naye hakujua kucheza. Akajikwaa, akainuka, akaendelea hadi pumzi ikamwishia, na joka halikupepesa jicho. Mwisho likasema, "Nenda," likazama.

Akarudi mbio asijue amekubaliwa au la, na akamkuta Thawin ameketi, magamba yakimdondoka, na kila gamba likageuka zumaridi.

Kesorn hakuyagusa. "Kesho utacheza?"

"Nitacheza," akasema.

Na kulipokucha Thawin akacheza hekaluni, sultani na mji mzima wakitazama, uso ukimwiva kwa haya. Ndipo Sultani Intharat akawaoza, wakaishi katika neema. Basi aliyesikia na azingatie: neno tulilolitamka tukiwa taabani lina mwenye kulingoja.