Nyufa Saba na Mkia wa Kifaru

Ko! Ko! Mpo?

Tupo!

Wote mpo?

Wote tupo!

Basi sogeeni karibu. Hadithi ya leo inatisha kidogo, na mtu anayeogopa ni vizuri awe na bega la mwenzake pembeni.

Fumbeni macho. Uoneni mwamba. Mwamba mkubwa wa kijivu, umesimama peke yake katikati ya mbuga. Ubavuni una nyufa saba zilizopangana, moja baada ya nyingine. Kila ufa ni nyumba, na kila nyumba ina pimbi. Mnamjua pimbi? Ni mnyama mdogo mnene, kimo cha sungura, masikio ya mviringo, na hana mkia. Hana kabisa! Lishikeni hilo, tutalihitaji mbele ya safari.

Pimbi wa mwamba ule walikuwa na desturi. Jua likichomoza, wa ufa wa saba aliokota kokoto akagonga ukuta: ko! ko! Maana yake, "Mimi nipo. Wewe je?" Wa ufa wa sita akasikia, naye akagonga: ko! ko! Wa tano akagonga. Wa nne akagonga. Hivyo hivyo mpaka ufa wa pili, kwa Bi Nyamizi, aliyegonga kwa nguvu kuliko wote kwa sababu alikuwa na uziwi kidogo na alidhani kila mtu ni kama yeye. Mwisho kabisa, ufa wa kwanza, aliishi Bi Kabula na mwanawe, Tindo. Bi Kabula akishagonga, ndipo wote walitoka kuota jua.

Mwaka ule kikaja kikohozi.

Hakikuchagua. Kilimshika swala, kilimshika nyani, kilimshika ngiri. Siku ya kwanza mnyama alikohoa mara moja: kho! Siku ya pili alikohoa mara mbili: kho! kho! Siku ya tatu hakukohoa. Siku ya tatu alinyamaza, na hakuamka tena.

Asubuhi moja ufa wa saba haukugonga. Wakangoja. Jua likapanda. Mwishowe wa sita akagonga peke yake, polepole: ko... ko...

Asubuhi nyingine wa sita hakugonga. Kugonga kulianzia kwa wa tano.

"Mwanangu," Bi Kabula alimwambia Tindo, "kikohozi kinajua kuhesabu. Saba, sita. Kinatujia."

Tindo akamtazama mama yake kifuani. Alikuwa na akili nyepesi na mdomo mwepesi zaidi, lakini siku hiyo mdomo ulikauka. Mama yake alikuwa mzee. Kifua chake kilikuwa chembamba kama jani. Kikohozi kikimfikia, hata siku ya pili hataiona.

Sasa, chini ya mwamba ule aliishi Tabibu Nungunungu. Alichemsha mizizi, akachuja, akachemsha tena, mpaka akapata dawa ya kuwachanja wanyama. Aliijaza vibuyu vinne, akavizamisha katika shimo la maji baridi chini ya jiwe, akawaita wanyama wote.

"Dawa hii haimponyi anayekohoa," alisema. "Inamkinga ambaye hajakohoa. Tone moja kwa kila mmoja, linapita chini ya ngozi kwa mwiba wangu. Mwiba mmoja, mnyama mmoja. Ila haipendi joto. Ikikaa juani siku tatu, inakuwa maji ya kunywa tu. Njooni kesho, wote."

Wanyama wakashangilia. Lakini nyuma yao alikuwa amesimama Kifaru.

Kifaru akafikiri. Tone moja linakinga? Basi vibuyu vinne vitakinga mara ngapi! Na Kifaru alipofikiri, miguu yake haikungoja kichwa kimalize. Gubu! gubu! gubu! Akalisukuma jiwe, akavibeba vibuyu vyote vinne, akaenda navyo kwenye dimbwi lake la matope, palipokuwa na jua kali.

"Vyangu," akasema.

"Mzee Kifaru, viko juani!" alilia Tabibu.

"Vyangu."

"Basi angalau nikuchanje wewe."

Kifaru akautazama mwiba wa Nungunungu. Mrefu. Mweusi kwa mweupe. Akarudi nyuma hatua tatu. "Leo sijisikii," akasema. "Lakini ni vyangu."

Ndiyo, wanangu. Mnyama mwenye pembe puani aliogopa mwiba. Akalala pembeni ya vibuyu vile, asichanjwe yeye wala wasichanjwe wengine.

Siku ya kwanza ya jua ikapita. Asubuhi iliyofuata, kugonga kulianzia kwa wa nne.

Siku ya pili ya jua, Tindo akateremka mwamba. Moyo wake ulikuwa unadunda, du! du! du! Ukiwa mdogo kama yeye, dimbwi la Kifaru si mahali pa kwenda kutembea.

"Shikamoo, Mzee Kifaru."

"Marahaba. Nani huyo? Sogea, macho yangu hayaoni mbali."

"Ni Tindo. Nimekuja kuuaga mkia wako."

"Mkia wangu una safari gani?"

Tindo akageuka, akainama. "Hebu tazama hapa, mzee. Unaona nini?"

Kifaru akasogeza pua mpaka ikamgusa. Akatazama. Akatazama tena. "Sioni kitu."

"Ndivyo ilivyo! Nilikuwa na mkia, mzee wangu. Mrefu, una manyoya nchani kama ufagio. Nikakaa karibu na vibuyu hivi shimoni siku mbili tu. Dawa inakula mkia. Inaanzia nchani."

"Mama yangu!" Kifaru akageuka kuutazama mkia wake. Lakini shingo ilikuwa nene, mkia ulikuwa mfupi, na kila alipogeuka mkia nao ulikwenda upande wa pili. Akazunguka. Akazunguka. Matope yakaruka, chwaa! chwaa!

"Upo? Niambie, upo?"

"Upo kwa sasa," Tindo alisema kwa huruma.

"Viondoe! Viondoe hapa!" Na gubu! gubu! gubu! Kifaru akatoweka vichakani.

Tindo akacheka mpaka akakaa chini. Akavibingirisha vibuyu, kimoja kimoja, mpaka shimoni kwenye maji baridi. Tabibu akanusa dawa. "Bado nzima," akasema. "Umewahi kwa siku moja. Kesho tunachanja."

Je, hadithi imeisha? Mngependa iishe hapo. Hata mimi ningependa.

Lakini mgongoni mwa Kifaru walikuwepo ndege, wale wenye midomo myekundu wanaomtoa kupe. Walisikia kila neno. Na ndege akisikia neno, atakaa nalo?

Asubuhi ya kuchanja ikafika. Kugonga kulianzia kwa wa tatu. Tabibu akaketi kwenye jiwe lake, miiba imeoshwa, kibuyu kiko kivulini. Akangoja. Hakuja swala. Hakuja nyani. Hakuja hata ngiri, ambaye huja popote. Walisimama mbali kwenye nyasi ndefu, masikio tu yanaonekana.

"Njooni!" Tindo alipiga kelele. "Dawa imerudi! Mnaogopa nini? Tazameni, nachanjwa mimi!" Akatoa bega. Tabibu akamchoma: chwi! "Mmeona? Sijafa!"

Sauti ya Nyani ikatoka nyasini: "Geuka tukuone!"

Tindo akageuka.

"Hana mkia!" wakalia wote. "Hana mkia! Ni kweli!"

Nyasi zikatikisika, shwaa, na masikio yote yakapotea.

Tindo akapanda mwamba mbio mpaka ufa wa kwanza. "Mama, twende. Twende wewe kwanza."

"Siendi, mwanangu," alisema Bi Kabula.

"Lakini mama, sisi hatuna mikia. Unaogopa kupoteza nini?"

"Wenye mikia inawatoka mikia. Wasio na mikia yanawatoka masikio. Nyamizi kaniambia, naye kaambiwa na ndege. Wanasema habari hiyo ilianzishwa na mtu mwenye akili sana."

Tindo akataka kucheka, akashindwa. Na wakati ule ule, kutoka ufa wa pili, kwa Bi Nyamizi aliyegonga kwa nguvu kuliko wote, wakasikia sauti.

Kho!

Mara moja tu.

Bi Kabula akamtazama mwanawe. Tindo akatazama chini. Ule ulikuwa uongo wake, aliulea mwenyewe dimbwini, na sasa ulikuwa umefika nyumbani kabla yake.

Kesho yake ufa wa tatu haukugonga. Kutoka ufa wa pili hakukutoka ko! ko! Kulitoka kho! kho!

Tindo hakungoja kiamshakinywa. Akaenda kwenye nyasi ndefu, akapanda kichuguu, akasema kwa sauti kubwa: "Ndugu zangu, nilidanganya! Dawa haili mkia. Pimbi hatukuwahi kuwa na mikia, hata babu zetu. Nilimdanganya Kifaru ili atoe vibuyu!"

Nyani akajikuna kichwa. "Hebu subiri, Tindo. Jana ulikuwa mwongo, leo unasema kweli. Au jana ulisema kweli, leo ndiyo unadanganya? Tukuamini lini, bwana?"

Tindo akashuka kichuguuni.

Alibakiwa na kitu kimoja tu, nacho kilimtia hofu kuliko kikohozi. Akaenda kichakani kwa Kifaru.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Kifaru alikuwa ameubana mkia wake kwenye shina la mti, usije ukaondoka.

"Mzee wangu, nilikudanganya. Mkia wako hauna shida. Sikuwahi kuwa na mkia."

Kifaru akauachia mkia. Akafikiri. Sikio moja likatikisika. La pili likatikisika.

"Kwa hiyo vile vibuyu..."

"Ni vizima."

"Na vilikuwa vyangu..."

"Ndiyo, mzee," alisema Tindo, na akaanza kukimbia.

Gubu! gubu! gubu! gubu! Tindo mbele, Kifaru nyuma. Vichaka vikavunjika. Vumbi likapanda. Tindo akapita chini ya miiba, Kifaru akaing'oa. Tindo akapita katikati ya mawe, Kifaru akayapangua. Pumzi ya moto ilimgusa Tindo mgongoni, pale pale ambapo mkia ungekuwepo kama angekuwa nao. Wanyama wote waliposikia kishindo walitoka nyasini kutazama pimbi anavyokufa.

Tindo akajirusha nyuma ya Tabibu Nungunungu. Kifaru akasimama, kriii! Pua kwa miiba.

"Nipe dawa yangu!" akanguruma. "Yote!"

Tabibu hakuinuka. "Hapa hatutoi kwa kibuyu, mzee. Hapa tunatoa kwa mwiba. Leo umefika wa kwanza, basi wewe ndiye wa kwanza. Nipe nyuma ya sikio, hapo ngozi ni laini."

Kifaru akautazama mwiba. Mrefu. Mweusi kwa mweupe. Akainua mguu arudi nyuma.

"Mwacheni," Tindo alisema kwa sauti ya upole kabisa. "Mzee wetu leo hajisikii. Siku ile pia hakujisikia."

Nyani akacheka. Swala akacheka. Ngiri akacheka, naye mwenyewe anaogopa.

"Nani hajisikii?" Kifaru akainamisha kichwa. "Choma!"

Chwi!

Hakuna aliyetazama sikio. Wote walizunguka nyuma, wakainama, wakatazama mkia. Wakangoja. Kivuli cha mwamba kikasogea hatua moja. Kikasogea ya pili.

Kifaru, ambaye hakuweza kujiona, akauliza kwa sauti ndogo, sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake: "Upo?"

Wanangu, msaidieni. Upo?

Upo!

"Upo!" walipiga kelele wote, na mkia ukajipiga huku na huku, pa! pa! pa! Akaja swala akatoa bega. Akaja ngiri. Akaja Nyani, huku ameushika mkia wake kwa mikono miwili, mpaka mwisho. Na Bi Kabula akateremka mwamba polepole, hatua kwa hatua. Akachanjwa. Akagusa sikio la kulia. Akagusa la kushoto. Yote yalikuwepo.

"Mwanangu," akamwambia Tindo, "huyo mtu mwenye akili sana namjua."

"Nisamehe, mama."

Bi Kabula akamshika mkono wakapanda nyumbani.

Asubuhi jua likachomoza. Wakakaa kimya ndani ya ufa wa kwanza, wakasikiliza. Hakuna kho. Bi Kabula akaokota kokoto, akagonga ukuta wa Bi Nyamizi.

Ko! Ko!

Wakangoja.

Akagonga kwa nguvu zaidi, maana Nyamizi alikuwa na uziwi kidogo. Ko! Ko!

Wakangoja sana.

Hadithi yangu nimeigonga mpaka ukuta wa mwisho. Anayeitaka aichukue, aigonge kwa jirani.

Na funzo? Wakubwa hunidai funzo kila mara, basi hili hapa: usiseme uongo, hata mdogo. Ingawa, kama Tindo asingesema uongo, dawa ingeozea matopeni. Kwa hiyo useme. Ila kwanza umtazame vizuri mgongoni unayemdanganya, kama hana ndege. Na baadaye useme kweli, ila uwe na mbio. Mmeelewa? Hata mimi sijaelewa. Waambieni wakubwa kwamba nilitoa funzo, na lilikuwa zuri.

Lakini ninyi nawaomba kitu kimoja, kidogo tu. Mkisahau Kifaru, sawa. Mkisahau mkia, sawa. Mkumbukeni Bi Nyamizi wa ufa wa pili, aliyekuwa akigonga kwa nguvu kuliko wote.